Kisicholiwa Hakigusi Mashine

Inspekta Sedekia aliibandua chembe moja nyeusi kwa ncha ya kisu, akaitia mdomoni, akaisaga taratibu kwa meno ya mbele.

Askari wa zamu wa kituo cha Makongolosi alishusha kikombe chake cha chai. "Afande, hicho si kielelezo cha mauaji?"

"Kielelezo ni beringi. Hii ni punje moja tu, na wewe ni shahidi kwamba nimeichukua." Sedekia alitema kwenye karatasi, akaitazama. "Umewahi kula wali wenye mchanga?"

"Kila Jumapili. Mke wangu anachambua mchele huku anaangalia simu."

"Huwa unaugundua kwa macho?"

"Kwa meno, afande."

"Basi meno yangu yanasema huu si mchanga."

Aliirudisha beringi kwenye mfuko wake wa plastiki, akaandika kwenye lebo kwamba ameufungua, kwa nini, na mbele ya nani. Askari akatia sahihi huku akitikisa kichwa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa mwezi, huko Ilula, mkoani Iringa, mashine ya kukamulia alizeti ya kikundi cha akina mama kiitwacho Upendano ilikwama ghafla mchana kweupe. Shafti iligoma kuzunguka, lakini injini haikujua habari hizo, ikaendelea kuuvuta mkanda. Mkanda ulisuguana na puli hadi ukawaka, cheche zikarukia magunia ya mashudu, na banda zima likashika moto. Kijana aliyekuwa akiiendesha, Jofrey, alitoka salama, kisha akarudi ndani ili azime injini. Hakutoka tena. Mama yake, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi, alikuwa amesimama nje akiona kila kitu.

Polisi wa kule walipoifungua mashine walikuta beringi moja imeganda, na katikati ya gololi zake kumejaa kitu kigumu, cheusi, kinachomeguka. Wakaandika kwamba ni mchanga. Baada ya hapo mambo yalijipanga yenyewe. Mwendeshaji wa zamani, Vitus Kalinga, alikuwa amefukuzwa kazi mwezi wa sita. Siku anaondoka alisema mbele ya watu kwamba mashine ile haitafika Krismasi. Mlinzi, mzee Bartholomeo, alieleza kuwa kabla ya kufukuzwa Vitus alikuwa akinyata bandani alfajiri, tena si mara moja, akiwa na kopo la bluu chini ya koti. Na sasa alikuwa amepatikana Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, mahali ambapo watu huenda kutafuta utajiri au kukwepa kutafutwa.

Sedekia alikuwa ametumwa kumchukua. Bosi wake, mkuu wa upelelezi wa mkoa, hakuzunguka mbuyu alipompigia simu: kijana aletwe Iringa, Jumatatu asomewe shitaka la mauaji. Mauaji hayana dhamana. Mtu anaweza kukaa mahabusu mpaka watoto wake wakamsahau sura, kisha siku moja akaambiwa hana hatia, nenda zako nyumbani.

Lakini Sedekia hakupenda kesi inayojipanga yenyewe. Alikuwa mtu wa Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa ratiba na kila mtoto hujifunza kuijaribu njia kwa kidole cha mguu kabla ya kuikanyaga. Wenzake kazini walimwita Mzee Polepole, na hakuwahi kuwakatalia.

Aliinyanyua ile beringi karibu na dirisha. Pete ya ndani ilikuwa imebadilika rangi: kahawia, kisha zambarau, kisha bluu kama shingo ya njiwa. Chuma kimepata moto mkali hapa, alijisemea. Aliitafuta michubuko, hakuiona.

"Vitus alikuwa akifanya kazi wapi?" aliuliza.

"Kwenye karasha la Lusekelo, afande. Nimlete Vitus kwanza?"

"Mwache. Yeye haendi popote. Nataka kuzisikia mashine zinasema nini, kisha ndiyo nimsikie yeye."

*

Karasha la Lusekelo lilikuwa nje kidogo ya mji, banda la mabati lililopakwa vumbi jekundu mpaka juu. Ndani yake pipa kubwa la chuma lilikuwa linazunguka na kuyasaga mawe ya dhahabu kuwa unga. Kelele yake ilimfanya Sedekia asimame nje na kupunga mkono hadi mwenye mali alipomwona na kuamuru lizimwe.

Lusekelo alikuwa bonge la mtu mwenye sauti nyembamba. Alipolisikia jina la mgeni akacheka, akachanganya na Kinyakyusa. "Sedekia! Kumbe wa kwetu huyu. Ndaga, baba, ndaga. Sasa mbona mmenichukulia fundi wangu? Tangu juzi nalala macho wazi."

"Ni fundi mzuri?"

"Afande, hapa palikuwa kaburi la beringi. Unaweka mpya, vumbi la mawe linaingia, haimalizi mwezi. Alipokuja huyu Mhehe, kila asubuhi kabla ya kuwasha anazunguka na kopo lake. Anafuta kwanza vumbi, ndiyo anaweka grisi. Anawasha, anaweka kiganja. Mimi nilimwambia unaipapasa mashine kama ng'ombe wa maziwa."

"Una beringi iliyokufa kwa vumbi?"

Lusekelo alicheka tena, akaenda nyuma ya banda na kurudi na ndoo nzima. Sedekia alichagua moja, akaichovya kwenye kopo la petroli ambalo mafundi walitumia kuoshea vipuri. Grisi chakavu iliyokuwa imeishika ikayeyuka na kuifanya petroli iwe nyeusi. Chuma kilichobaki kilikuwa cha kijivu, kimefifia, kimejaa mikwaruzo kama sakafu iliyoburutiwa kitanda.

Akaiweka kando ya ile ya Ilula. Mtoto mdogo angeona tofauti. Moja ilikuwa imekwaruzwa, nyingine imeungua.

"Hii yako haikuingia mchanga," Lusekelo alisema, akiinama. "Hii ilikaushwa. Chuma na chuma ni kama mawifi wawili jiko moja, afande. Mtu asipokaa katikati yao, moto unawaka."

"Na grisi ndiyo inakaa katikati."

"Ndiyo hiyo. Utando tu, hata kwa macho huuoni, lakini ukiwepo chuma hakimgusi mwenzake. Vinapita vinapishana. Ukiondoka, vinaanza kung'atana."

Sedekia alimegua chembe nyingine ya ule weusi wa Ilula, akaitumbukiza kwenye kikombe cha petroli safi, akasubiri. Alisubiri mpaka Lusekelo akaanza kujikuna. Chembe ilibaki vilevile, ngumu, imekaa chini ya kikombe.

"Kwa hiyo si mchanga," alisema, "na si grisi."

"Sasa ni nini?"

"Ningejua nisingekuwa nimesimama juani. Lile kopo lake liko wapi?"

Lilikuwa chini ya meza ya kazi, limefunikwa kwa kitambaa. Kopo la maziwa ya unga, la bluu. Mzee Bartholomeo hakuwa amedanganya. Sedekia alilifungua, akachota grisi kwa kidole na kuipekecha kwa muda mrefu. Ilikuwa laini, haina hata punje moja. Akabaki ameliangalia. Yule kijana alitoka Ilula amefukuzwa, akasafiri mikoa miwili, na alichobeba ni hili.

*

Alikula mchana kwa Mama Devotha, kibanda cha chipsi kilichokuwa mkabala na stendi. Aliagiza chipsi mayai, akakaa benchi la karibu na jiko, beringi ikiwa ndani ya mfuko mapajani.

Mama Devotha alikuwa na makarai mawili. Moja lilikuwa likichemka. Lingine alikuwa ameliinamisha kwenye jiwe na kulikwangua ukingoni kwa kisu, kwa nguvu, mpaka mabega yanatikisika. Vipande vya kahawia na vyeusi vilikuwa vinaruka na kuangukia chini.

Sedekia alisahau chipsi.

"Mama, hicho unachokwangua ni nini?"

"Si mafuta tu, baba. Yakirukia pembeni, moto unayapika kila siku, yanaganda. Sabuni haitoi, mchanga hautoi. Kisu peke yake."

"Mafuta gani?"

"Alizeti. Nilipokuwa natumia mawese hayakushika namna hii. Haya ya alizeti ni matamu, ila ukiyaacha yanakuwa kama rangi ya mlango."

"Naomba kipande."

"Cha chipsi?"

"Cha hicho."

Mama Devotha alimpa, akamtazama mteja wake akikitafuna kwa meno ya mbele. Aliwaita wanawake wa kibanda jirani waje kuona. Sedekia hakujali. Alifungua mfuko, akaweka kipande cha karai na kipande cha beringi juu ya ukingo wa sahani, kimoja kando ya kingine. Rangi moja. Vilimeguka namna moja. Alivinusa, vyote vilikuwa na ule uchungu wa mafuta yaliyochakaa jikoni.

Alilipa chipsi ambazo hakuzigusa, akarudi kituoni akiwa na hasira. Mtu akiandika neno moja bila kujaribu, mwenzake ananyongwa nalo.

*

Vitus Kalinga aliletwa akiwa peku. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mistari ya viganja vyake ilikuwa na weusi usiotoka kwa kunawa.

"Kamwene," Sedekia alimsalimu kwa Kihehe.

Vitus alishtuka. "Kamwene, afande."

"Ulisema ile mashine haitafika Krismasi?"

"Nilisema."

"Ulijuaje?"

Vitus alisugua kiganja kimoja kwa kingine.

"Ulikuwa unaingia bandani alfajiri na kopo?"

Sedekia alilitoa lile kopo la bluu na kuliweka mezani. Vitus aliliangalia kama mtu aliyekutana na ndugu yake mahali asipomtegemea.

"Humu kuna grisi safi," Sedekia alisema. "Hakuna mchanga humu, na hakuna mchanga kwenye beringi. Kwa hiyo nina mtu anayenyata gizani ili aipe mashine kitu ambacho mashine inakitaka. Mimi wezi wa kutoa nimewazoea, Vitus. Mwizi wa kuingiza ndiye wewe wa kwanza."

Kijana alitaka kutabasamu, akajizuia.

"Jumatatu unasomewa mauaji. Kwa nini husemi?"

"Mama yangu yumo kwenye kile kikundi." Vitus aliongea akiangalia meza. "Kwenye kila dumu wameandika, Kisicholiwa Hakigusi Mashine. Watu wakitoka Dar wanasimama Ilula kununua nyanya, wanaona yale maneno, wanachukua na mafuta. Nikisema mimi nilikuwa naweka grisi, nimewafanya mama zangu wote waongo. Nani atanunua tena?"

"Hayo maneno yalianzia wapi?"

"Kwangu." Alivuta pumzi. "Lilikuwa kosa langu, afande. Beringi ziko nyuma kabisa, mbali na panapokamuliwa. Siku moja nikashindilia grisi kupita kiasi. Ilipopata joto ikajaa, ikatoka, ikachuruzika, tone likaingia kwenye dumu la mteja. Yule mteja akaja juu. Mama Jofrey akasema hiki ni chakula, watoto wanakula, tangu leo kitu kisicholiwa kisiguse mashine hii. Grisi yote ikatupwa. Tukaanza kumimina mafuta yetu ya alizeti kwenye beringi."

"Ikawaje?"

"Ikatulia. Shida ndiyo hiyo. Ilinyamaza kuliko wakati wa grisi, kina mama wakaimba. Wakasema mnaona, Mungu amependa. Lakini jioni nikiweka kiganja, moto. Yale mafuta ni mepesi, afande, hayakai. Yanapita yanaenda zake. Yale yanayobaki yanaiva, yanakuwa ugumu, na ule ugumu hauna utelezi tena. Nilimwambia Mama Jofrey. Akasema grisi imenizoesha vibaya."

"Ndipo ukaanza kwenda alfajiri."

"Nachokonoa ule ugumu, napaka grisi kidogo tu, nafunika. Mchana wenyewe wanamimina yao kwa juu. Nikasema acha twende hivyo hivyo, kila mtu afurahi. Mpaka akanikuta."

"Nani?"

"Mama Jofrey mwenyewe. Hata hakupiga kelele. Alilia. Akasema nimewatia unajisi." Alikigusa kifuniko cha kopo. "Kazi akapewa Jofrey. Tulisoma darasa moja sisi. Nikamwita pembeni, nikamwambia, ukishika beringi ukashindwa kuvumilia, zima, usiulize mtu. Akanijibu mama yake hajawahi kukosea. Ndiyo nikasema ile ya Krismasi, kwa hasira. Nilitaka waogope. Sikutaka afe mtu."

Alijifunika uso kwa vile viganja vyeusi. Sedekia alimwamini, na kumwamini mtu hakukumsaidia kitu. Faili lilikuwa bado linasema mchanga, na neno la mshitakiwa juu ya kopo lake mwenyewe ni neno la mshitakiwa. Alihitaji mtu mwingine aseme nini kilimiminwa baada ya mwezi wa sita. Mtu huyo alikuwa mmoja, Mama Jofrey, na ndiye aliyefungua mashitaka.

*

Walilala Mbeya kwenye baridi, asubuhi wakashika njia ya Makambako. Vitus alikaa nyuma na pingu mikononi, kopo likiwa limefungwa kwenye mfuko wa vielelezo mbele kwa dereva. Walipita Iringa mjini bila Sedekia kupanda Kihesa kwake hata kubadilisha shati. Bosi alipiga simu akauliza wamefika wapi.

"Tumepitiliza kidogo, afande. Naenda Ilula kuchukua maelezo ya nyongeza."

"Maelezo gani tena? Faili si limejaa?"

"Limejaa, afande. Nataka kuhakikisha limejaa kitu gani."

Ilula ilikuwa imechangamka, ndoo za nyanya na vitunguu zimepangwa kando ya lami, kina mama wakikimbilia kila basi linalopunguza mwendo. Uwanja wa Upendano ulikuwa nyuma ya maduka. Upande mmoja palibaki nguzo nyeusi na bati zilizojikunja. Upande wa pili palikuwa na banda jipya la matofali, na ndani yake mashine ya kusaga unga ilikuwa inafanya kazi. Mbele yake wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo za mahindi.

Sedekia alisimama akaisikiliza. Ilikuwa inaenda kwa utulivu mzuri, haina mkwaruzo hata kidogo. Hakuipenda.

Mama Jofrey alitoka akiwa amejifunga kitenge cheusi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnyoofu wa mgongo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya.

"Kamwene, baba. Mmemleta?"

"Kamwene, mama. Pole sana. Yuko kwenye gari." Kisha Sedekia akaonyesha banda jipya. "Hiyo nayo ni yenu?"

"Tumeifunga baada ya kuzika. Ningekaa ndani nalia ningekufa na mimi. Jofrey ndiye alikuwa anaitaka hii."

"Beringi zake mnaziwekea nini?"

"Mafuta yetu. Si unajua sheria ya hapa."

"Naomba izimwe, mama. Mpaka tumalize kuongea."

Alimwangalia kana kwamba amemwomba avue kitambaa kichwani. "Watu wametembea toka mlimani na mahindi yao. Siwezi kuzima kwa sababu ya maneno. Karibu ndani, useme ulichojia."

Waliingia kwenye chumba kidogo kilichokuwa ofisi, ukuta mmoja tu ukiwatenga na mashine. Ukutani palining'inia picha ya Jofrey akiwa amevaa joho la kipaimara. Sedekia alitoa kalamu.

"Nieleze ilivyokuwa kila asubuhi, baada ya Vitus kuondoka. Pole pole. Usiache kitu."

"Hapakuwa na siri. Tulikuwa tunakutana, tunasali. Kisha nachukua kikombe cha yale mafuta ya kwanza, yale masafi kabisa. Namimina mwenyewe kwenye vitundu vya beringi. Sikumwachia mtu. Niliona ndiyo kumtunza mwanangu, kuhakikisha mashine yake ni safi." Alinyanyua kidevu. "Na ilikuwa imetulia. Mpaka siku yule shetani alipokuja kuweka mchanga wake."

"Jofrey hakuwahi kulalamika?"

Mama Jofrey alisita. "Mara moja. Alisema inachemka. Nikamwambia aongeze mafuta."

"Akaongeza?"

"Alikuwa mtoto mtiifu."

Sedekia aliweka kalamu chini. Maelezo yalikuwa yametimia. Angeweza kuondoka, akaandika ripoti yake, na mama huyu akaja kuisikia kwa kinywa cha wakili. Aliona huo ungekuwa ukatili. Akatoa beringi kwenye mfuko, akaiweka juu ya meza kwenye karatasi nyeupe, na kando yake akaweka kisu chake kidogo.

Mama Jofrey alirudi nyuma. "Usiniletee hicho."

"Polisi wamesema ni mchanga. Mimi sikubaliani nao, lakini mimi si mpishi. Wewe umepika maisha yako yote, mama. Kwangua kidogo, uniambie ni nini."

Upande wa pili wa ukuta mashine iliendelea na utulivu wake. Mwishowe Mama Jofrey akakichukua kisu, akabandua kipande kutoka katikati ya gololi na kukisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikamomonyoka. Akakipeleka puani.

Sedekia aliuona wakati Mama Jofrey alipokitambua. Macho yake yalitoka kwenye beringi, yakaenda mlangoni, upande wa jiko lake, ambako kikaango cheusi kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari.

"Huu si mchanga," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni nini, mama?"

"Ni mafuta. Yameungua." Alinusa tena, kana kwamba safari hii yangeweza kunuka kitu kingine. "Ni ya kwetu haya. Mafuta yangu nayajua."

"Vitus alikuwa anayachokonoa alfajiri na kuweka grisi. Ndilo kopo alilokuwa nalo."

Mama Jofrey alikiweka kisu chini. Alipoongea hakumtazama Sedekia, aliitazama picha ukutani. "Aliniambia inachemka. Nikamwambia ongeza." Akarudia. "Nikamwambia ongeza."

Sedekia aliifunika kalamu yake. Ndipo wakasikia wote wawili. Nyuma ya ukuta, katikati ya mngurumo laini wa mashine, kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, kama mbu.

Mama Jofrey alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Sedekia alimfuata nje, lakini hakumfikia. Mama huyo alipita katikati ya foleni, ndoo moja ya mahindi ikamwagika, akaingia bandani na kuvuta kizimio kwa mikono miwili. Mkanda ulipiga mara chache, ukapoa mwendo, ukasimama. Mwendeshaji, mwanamke aliyejaa unga mpaka kwenye kope, alibaki amemkodolea macho.

"Tokeni," Mama Jofrey alisema. "Tokeni wote nje."

Akaweka kiganja juu ya beringi. Alikiacha pale kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza, na Sedekia ndiye aliyemshika mkono na kumwondoa. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuvimba.

Alitoka nje bila kumsikiliza mtu, mkono wake ukiwa mbele yake kama kitu kisichokuwa chake, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Vitus alimwona anakuja, akajikunyata. Kioo kilikuwa wazi.

"Shikamoo, mama."

Mama Jofrey aliziangalia pingu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Nyuma yake kina mama wa Upendano walikuwa wamesogea, wengine wameshika vinywa, na mmoja wao, mdogo wa umbo, mwenye mabega membamba kama ya Vitus, alikuwa ameanza kulia naye bila kujua sababu.

"Kopo lako liko wapi?" Mama Jofrey aliuliza, kwa sauti ambayo wote waliisikia.

Vitus alimtazama Sedekia. Inspekta alikuwa tayari anatafuta ufunguo mfukoni. Akafungua mlango, akamfungua kijana pingu moja, kisha ya pili, akauchana mfuko wa vielelezo na kumpa kopo lake la bluu. Alijua angeulizwa kuhusu mfuko ule, na alijua angejibu nini.

Vitus alishuka akiwa peku. Aliangalia banda, akaangalia moshi mwembamba uliokuwa unapanda juu ya beringi, akaangalia kile kiganja. Hakwenda kwenye mashine. Aliliweka kopo chini kwenye vumbi, akaushika ule mkono ulioungua kwa mikono yake miwili, taratibu, kwa chini, asiguse palipovimba.

"Iache kwanza, mama," alimwambia. "Ikiwa ya moto haipakwi kitu. Tunaisubiri ipoe."